Nguvu ya Kopo ni Nguvu ya Mkopo



Nataka kuwaeleza jambo nililojifunza kwa kuumia, nalo ni habari ya vile vinywaji vya kutia nguvu tunavyonunua katika vibanda vya Kashikishi na bandarini Nchelenge. Siandiki ili kumcheka mtu, maana mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza katika upumbavu huu.

Mwaka jana, siku za mitihani ya majaribio, nilijiambia ya kuwa usingizi ni adui wa mwanafunzi. Usiku mmoja nikanywa makopo matatu: la kwanza saa tatu, la pili saa sita, la tatu saa kumi na moja alfajiri. Nilisoma Baiolojia usiku kucha nikajiona simba. Asubuhi, nilipoketi mbele ya karatasi ya mtihani, mikono ilitetemeka hata sikuweza kuandika jina langu sawasawa, na moyo ulipiga kama ngoma. Swali la kwanza lilihusu moyo na mishipa ya damu. Jibu lake nililijua tangu juzi, lakini halikuja. Nikaomba ruhusa, nikatoka, nikatapika chini ya mwembe. Mwalimu akanipeleka kliniki.

Mganga wa pale alinipima mapigo ya moyo, akaniuliza, "Umekula nini, kijana?"

Nikajibu, "Sijala kitu, baba. Nimekunywa tu."

Aliposikia hesabu ya makopo akatikisa kichwa. Akasema, "Wewe hukupata nguvu. Ulikopa." Neno hilo lilinikaa moyoni, nami nikaanza kutafuta maana yake.

Ndani ya makopo hayo mna kafeini, kitu kile kile kilichomo katika kahawa na chai. Mwanakemia Mjerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, aliitenga kutoka katika buni mwaka 1819. Lakini watu wetu waliijua kazi yake bila kujua jina lake. Wahaya wa Bukoba humpa mgeni buni zilizochemshwa na kukaushwa azitafune, na wazee wa pwani hunywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo. Tazameni vizuri: buni chache, kikombe kidogo. Kipimo walikijua.

Sasa kafeini hufanyaje kazi? Mchana kutwa, ubongo ukifanya kazi, hukusanyika ndani yake kitu kiitwacho adenosini. Kitu hiki kina mahali pake pa kuingia, kama ufunguo katika kufuli, na kikiingia kwa wingi twasikia usingizi. Kafeini yafanana nacho kwa umbo. Huingia katika kufuli ile ile, lakini haiizungushi, huiziba tu. Basi adenosini hubaki nje, na kila saa yazidi kuongezeka. Uchovu haukuondoka, umefichwa. Kafeini ikipungua, uchovu wote huingia kwa pamoja, kama mdai aliyekuwa akingoja mlangoni. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Tufanye hesabu kidogo. Vinywaji vingi vya namna hii vina miligramu 32 za kafeini katika kila mililita 100. Kwa hiyo kopo dogo la mililita 250 lina miligramu 80, na kopo kubwa la mililita 500 lina 160. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema ya kuwa mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 400 kwa siku, wala 200 kwa mara moja. Mama mjamzito asipite 200 kwa siku. Kwa watoto na vijana, kipimo ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Basi mdogo wetu wa darasa la nane mwenye kilo 45 asipite miligramu 135. Kopo dogo moja lipo ndani ya kipimo chake. La pili lamvusha mpaka.

Tena kafeini haitoki mwilini upesi. Kwa watu wengi, nusu yake hubaki baada ya saa tano hivi. Ukinywa miligramu 160 saa tatu usiku, saa nane usiku ungali na 80, na saa moja asubuhi ungali na 40. Hata ukijilaza, usingizi wako hautakuwa mzito; nao ndio wakati ubongo unapoyaweka vizuri yale uliyosoma mchana. Hapo ndipo lilipopotea jibu langu.

Usidhani ni mambo ya wanafunzi tu. Mjomba wangu, mzaliwa wa Pweto ng'ambo ya ziwa, ni mvuvi wa chisense hapa Kashikishi. Mwajua kwamba uvuvi hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hata mwisho wa Februari, na Machi ikifika kila mtu hutaka kurudisha fedha aliyoikosa. Chisense huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mjomba akawa anakunywa chupa mbili kila usiku, na mchana usingizi ukamkataa. Usiku wa nne, karibu na mapambazuko, kafeini ilimwishia katikati ya ziwa. Akasinzia ameketi, na mwenzake amelala. Upepo ukainuka, mtumbwi ukajaa maji, taa na wavu vikazama. Wavuvi wa kisiwa cha Kilwa ndio waliowaokoa. Aliponisimulia alisema, "Mpwa wangu, nilidhani nimeushinda usingizi, kumbe ulikuwa unaningoja ziwani."

Wengine hawapati mtu wa kuwaokoa. Mwezi Aprili 2017, huko South Carolina, Marekani, kijana wa miaka 16 alikunywa kahawa ya maziwa, soda yenye kafeini na kinywaji cha kutia nguvu, vyote ndani ya muda wa saa mbili hivi. Alianguka darasani akafa. Mchunguzi wa vifo alisema ya kuwa kafeini nyingi kwa muda mfupi iliuvuruga mwendo wa moyo wake. Habari za namna hii ni chache, lakini hakuna ajuaye mapema kama moyo wake una udhaifu uliojificha.

Na je, kila kilichomo huandikwa kwenye kopo? Hapa kwetu Zambia, mwanzoni mwa mwaka 2019, kinywaji kimoja cha kutia nguvu kilichotengenezwa Ndola kilipimwa baada ya malalamiko kutoka Uganda. Kikakutwa na sildenafili, dawa ya wanaume itolewayo kwa cheti cha daktari. Watu walikuwa wakinywa dawa wakidhani ni kinywaji tu.

Basi nawashauri hivi. Kwanza, soma maandishi ya kopo, ufanye hesabu kabla ya kunywa, ukikumbuka kuhesabu chai na kahawa ya siku hiyo. Pili, usinywe baada ya saa nane mchana ukitaka kulala vema usiku. Tatu, usichanganye na pombe, maana kafeini humfanya mlevi ajione mzima, naye huzidi kunywa. Nne, mwenzako akishikwa na maumivu ya kifua, moyo kwenda ovyo, au kuzimia, usimcheke. Mpeleke hospitali upesi, nawe umwambie mganga alichokunywa na kiasi chake. Tano, mtihani ukikaribia, gawanya masomo yako tangu wiki za mbele, ule ugali na samaki, unywe maji, ulale. Mimi sasa huzima taa saa nne, na alama zangu zimepanda.

Nina neno pia kwa kaka zetu waliomaliza shule hii, ambao wengine wenu mna maduka Kashikishi na Nchelenge. Lithuania ilikataza mwaka 2014 kuwauzia vinywaji hivi walio chini ya miaka 18. Latvia ikafuata mwaka 2016, na Poland mwaka 2024. Ninyi hamhitaji kungoja sheria. Mtoto mwenye sare ya shule akija na kwacha zake usiku wa kuamkia mtihani, mwuzieni maji na mkate, mkamwambie akalale. Mtakosa faida ndogo, lakini mtakuwa mmemsaidia mdogo wenu.

Dawa ya deni ni kulipa, na deni la usingizi hulipwa kwa usingizi. Duka la kuuza usingizi sijaliona, hata bandarini.

Mwanafunzi wa Darasa la 12