Kuchora kristali: fundisho tulilopata ku staji



Sisi wa pedagojia tulipokwenda staji ku masomo ya msingi, tulipewa somo la kuchora. Tulichagua kufundisha watoto kuchora mawe ya bei, ni kusema almasi na kristali zingine. Tulifikiri ni kazi nyepesi. Siku ya kwanza tulishindwa. Tunataka kuwaelezea namna tulivyoshindwa na namna tulivyotengeneza, kwa sababu wengi wenu mutapita njia hii hii.

Siku ile tulichora ku tablo almasi moja kubwa, na mistari ya kung'aa pembeni kama nyota. Watoto wakafuata mstari kwa mstari. Kaye zote zikawa sawasawa, nasi tukafurahi. Ndipo mtoto mmoja wa nyuma akasema: «Mwalimu, jiwe ya kwetu haiko vile.» Akatoa mfukoni kipande cha kwartzi, ile kristali nyeupe inayoonekana fasi nyingi katika miamba ya Katanga. Kwa kuogopa kalasi isicheke, tulimwambia airudishe mfukoni. Kiisha somo, mwalimu aliyetusimamia alisema neno moja tu: «Mulifundisha tablo, hamukufundisha jiwe.»

Neno lile lilituuma, maana lilikuwa kweli. Mtoto alikuwa na jiwe lenyewe, na sisi tulikuwa na picha.

I. Kristali ni nini?

Ni kitu ambacho chembe zake ndogo kabisa, zisizoonekana kwa macho, zimepangwa kwa utaratibu mmoja unaorudia pande zote, kama matofali ya ukuta. Kwa hiyo, ikipata nafasi ya kukua vizuri, inatoka na pande zilizonyooka bila kukatwa na mtu. Mwaka 1669 Nicolas Steno, mtu wa Danmark, alionyesha kwamba kwartzi ikiwa ndogo ao kubwa, pembe kati ya pande zake hazibadiliki. Mwili wa kwartzi iko na pande sita, na pembe ya upande mmoja na jirani yake ni digrii 120.

Hata mtoto asiye na jiwe anaweza kuona kristali. Yeyusha chumvi katika maji ya moto, mimina ndani ya sahani, acha siku chache ikauke polepole. Utaona vijiwe vya pande sita za mraba, kama sanduku.

II. Muhogo unafanya kazi ya jiwe

Mara ya pili tulikuja bila picha. Huko Ufaransa, katika karne ya 18, wataalamu Romé de l'Isle na Haüy walifundisha kwa mifano: mmoja ya udongo wa kuchomwa, mwingine ya mti. Sisi tulitumia muhogo. Uko mweupe, na juu ya kitu cheupe kivuli kinaonekana vizuri.

Twaa kipande kilichomenywa, urefu wa kidole. Kata pande sita zilizonyooka. Kiisha chonga mwisho mmoja kwa kukata mara sita, kila mara kuanzia upande mmoja, mpaka itoke ncha. Mwalimu ndiye anakata, si mtoto. Na watoto wasile muhogo mbichi. Weka kipande kimesimama karibu na dirisha. Kabla ya kushika kreyo, uliza: «Munaona pande ngapi?» Wengi watajibu sita, kwa sababu wanajua ni sita. Waambie wahesabu bila kuzunguka. Ukiangalia upande mmoja uso kwa uso, mwili unaonyesha pande tatu tu. Hapa ndipo somo linaanza: tunachora kinachoonekana, si kinachojulikana.

III. Kuchora mistari

1. Chora mistari minne ya kusimama, yote sentimetri 6. Kati ya wa kwanza na wa pili acha sm 1. Kati ya wa pili na wa tatu sm 2. Kati ya wa tatu na wa nne sm 1. Pande za pembeni zinageuka, kwa hiyo zinaonekana nusu ya ule wa katikati.

2. Mistari miwili ya nje ianze nusu sentimetri juu zaidi ya ile ya ndani, maana tunaangalia jiwe kutoka juu kidogo.

3. Unga miisho ya chini, kiisha unga miisho ya juu.

4. Tia nukta moja juu, katikati kabisa, sm 9 kutoka chini. Vuta mistari minne toka nukta hii mpaka miisho ya juu. Ncha imetoka.

IV. Kutia kivuli

Uliza kwanza: mwangaza unatoka wapi? Tuseme kushoto. Basi upande wa kushoto uache mweupe. Wa katikati utie kreyo nyepesi. Wa kuume utie nzito. Pande tatu za ncha ufanye vilevile, lakini nyepesi kidogo, maana zinaangalia juu. Kila upande uwe na rangi moja, na rangi ibadilike palepale kwenye ukingo. Mtoto akisugua kwa kidole toka upande mmoja mpaka mwingine, jiwe linakuwa duara kama chupa. Mwisho, tia kivuli cha jiwe juu ya meza, upande wa kuume.

V. Almasi

Almasi, kama ile ya Mbuji-Mayi, inatoka katika udongo na maumbo mbalimbali. Umbo moja linalojulikana sana iko na pande 8, kingo 12 na kona 6: kama piramidi mbili zilizounganishwa chini kwa chini. Ile ya kung'aa katika pete imekatwa na kusuguliwa na fundi. Malakite ya kijani nayo mara nyingi haionyeshi pande. Inavimba kama zabibu. Usiilazimishe kuwa na kona.

Siku ile ya pili tulimwomba yule mtoto jiwe lake, tukaliweka mezani karibu na muhogo. Ncha yake ilikuwa imevunjika upande mmoja. Akaichora vilevile, imevunjika. Ilikuwa kaye ya kwanza isiyofanana na ya jirani, nasi tukampa pointi zote. Tulimwomba pia msamaha mbele ya kalasi.

Maulizo ya kujizoeza

1. Umbo la almasi tulilotaja iko na pande ngapi? Ukiliangalia bila kuzunguka, unaona ngapi?

2. Chora kwartzi, mwangaza ukitoka kuume. Ni upande gani unabaki mweupe?

3. Leta jiwe moja toka kwenu. Lichore mbele ya kutafuta jina lake.