Kiongozi Bora wa Biashara Hukubali Kusahihishwa

Tukisikia "kiongozi wa biashara", wengi wetu tunawaza mtu wa suti mwenye ofisi kubwa mjini. Lakini hata wewe mwenye kinyozi, kibanda cha mboga au duka la mtaani ni kiongozi. Kuna mtu unayemlipa, kuna wateja wanaokutegemea, na uamuzi wa pesa ni wako.

Sifa za kiongozi ni nyingi, lakini leo tuangalie moja: kukubali kusahihishwa.

Chukua mfano wa M-Pesa. Majaribio yake yalipoanza mwaka wa 2005, lengo lilikuwa kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Wateja nao wakawa na yao: wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Walioongoza mradi huo wangeweza kung'ang'ania mpango wa kwanza. Badala yake waliangalia watu wanafanya nini hasa, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ikaja kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Yaliyofuata unayajua.

Sasa wewe, ni nani atakusahihisha?

1. Hesabu. Pesa za biashara zikiingia kwenye laini yako binafsi, zinachanganyika na za karo na za nauli, na huwezi kujua faida. Tumia nambari ya Till. Kila Jumapili jioni, pitia malipo ya wiki nzima. Ukiona mauzo ni mazuri lakini bado unakopa ili ununue stoki, kuna mahali pesa zinavuja. Tafuta ni wapi, hata kama anayezitoa ni wewe mwenyewe.

2. Wateja. Anayelalamika anakufanyia hisani. Yule asiyesema kitu ndiye huhamia duka jirani, na hutajua kwa nini.

3. Wafanyakazi. Tuseme mhudumu wako ameonyeshwa SMS feki ya malipo na bidhaa zimeshaenda. Ukimfokea mbele ya watu, siku nyingine likitokea atakuficha, na utapoteza zaidi. Muulize ilikuwaje, kisha wekeni sheria pamoja: bidhaa haitoki mpaka malipo yaonekane upande wa duka, si kwenye simu ya mteja. Na sheria hiyo ikufunge hata wewe, mteja akiwa rafiki yako.

Kukubali kusahihishwa si udhaifu, na wala si kuyumbishwa na kila mtu. Uamuzi wa mwisho bado ni wako, ila unauamua ukiwa na ukweli mkononi.

Wiki hii jaribu hivi: muulize mteja mmoja na mfanyakazi mmoja, "Ni kitu gani ninachofanya hapa kinachoharibu kazi?" Usijitetee. Andika jibu, kisha rekebisha jambo moja kabla ya Jumapili.