Mkeka ni Darasa la Kwanza: Shughuli za Nyumbani za Kumfunza Mtoto Mdogo Mwendo

Katika kliniki za watoto hujirudia jambo moja. Mama huleta mtoto wa miezi 18 ambaye hajaweza kukaa bila kushikiliwa. Anapoulizwa ni lini alianza kuona tofauti, hujibu kwamba aliiona tangu mtoto akiwa na miezi 5: kiganja cha mkono mmoja kilikuwa kimekunjwa ngumi wakati wote. Aliwauliza wakubwa nyumbani, akaambiwa kwamba watoto hawalingani, avute subira. Mwaka mzima ukapita.

Kisa cha namna hii kina mafunzo mawili. La kwanza, mama ndiye aliyeona mapema, kabla ya mhudumu yeyote wa afya. La pili, hakuwa na kipimo cha kumwonyesha kwamba alichokiona kina uzito. Makala haya yanaeleza shughuli ambazo familia inaweza kuzifanya nyumbani, bila gharama, ili kumfunza mtoto wa chini ya miaka 5 mwendo. Yanaonyesha pia jinsi shughuli hizo hizo zinavyomwezesha mzazi kutambua mapema mtoto anayehitaji msaada.

Mwendo hufunzwa

Neno mwendo hapa lina maana ya kila namna ya kuujongeza mwili: kuinua kichwa, kugeuka, kukaa, kutambaa, kusimama, kutembea na kuruka, pamoja na kazi ndogo za vidole kama kuokota punje ya hindi. Wengi hudhani kwamba mambo haya huja yenyewe, kama meno yanavyoota. Ni kweli kwamba ubongo na misuli hukomaa kwa wakati wake, lakini mazoezi yana nafasi kubwa.

Mwaka 1976 mwanasaikolojia Charles Super alichapisha utafiti alioufanya miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya. Aliona kwamba watoto wao walikaa, wakasimama na wakatembea takriban mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani, ilhali hawakuwatangulia katika kutambaa. Sababu ilikuwa katika malezi. Walezi waliwafunza watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, bali kutambaa hawakukutilia mkazo. Mtoto hupata wepesi katika kile anachopewa nafasi ya kukirudia.

Kila mara mtoto anaponyoosha mkono kukifikia kifuniko cha sufuria, ubongo hutuma amri, hupokea taarifa kutoka machoni, kwenye ngozi na kwenye viungo, kisha husahihisha amri inayofuata. Njia za mawasiliano zinazotumika mara kwa mara ndani ya ubongo huimarika. Katika miaka 2 ya mwanzo uwezo huu wa ubongo kujijenga ni mkubwa mno, na ndiyo maana mwaka uliopotea kwa kungoja ni vigumu kuufidia.

Hatua na muda wake

Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya njema katika nchi 5, yaani Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, na mwaka 2006 likatoa vipindi ambamo watoto wengi hufikia hatua kuu za mwendo:

- Kukaa bila msaada: miezi 3.8 hadi 9.2
- Kusimama kwa kushikilia kitu: miezi 4.8 hadi 11.4
- Kutambaa kwa mikono na magoti: miezi 5.2 hadi 13.5
- Kutembea kwa kushikilia kitu: miezi 5.9 hadi 13.7
- Kusimama dede, bila kushikilia: miezi 6.9 hadi 16.9
- Kutembea peke yake: miezi 8.2 hadi 17.6

Vipindi hivi ni vipana. Anayetembea akiwa na miezi 10 hana akili kumzidi anayetembea akiwa na miezi 15. Aidha, wapo watoto wachache wenye afya ambao hawatambai kabisa. Husota kwa makalio, kisha husimama. Lakini kipindi kina mwisho wake, na mtoto anayeupita mwisho huo anastahili kupimwa.

Kwa mtoto njiti, umri huhesabiwa kwa kutoa muda aliowahi kuzaliwa, mpaka afikishe miaka 2. Aliyezaliwa miezi 2 kabla ya wakati, akiwa na miezi 8, hutarajiwa kufanya yale ya mtoto wa miezi 6.

Shughuli kwa kila umri

Tangu kuzaliwa hadi miezi 6. Shughuli kuu ni kumlaza mtoto kifudifudi akiwa macho na mtu akimwangalia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa katika vipindi vifupi. Kwa mtoto mchanga, dakika 2 au 3 baada ya kubadilishwa nepi zinatosha kuanzia. Atandikiwe mkeka na kanga safi, au alazwe juu ya kifua cha mama au baba aliyeegama. Mzazi ashuke chini, uso kwa uso, amwite, aimbe, asogeze kitu chenye rangi kali polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mtoto atainua kichwa, na hilo ndilo zoezi la shingo, mabega na mgongo. Wakati wa kulala usingizi, hata hivyo, mtoto alazwe chali. Kulala kifudifudi usingizini huongeza hatari ya kifo cha ghafla.

Miezi 6 hadi 12. Mtoto akaliwe kwenye mkeka, mzazi akiwa nyuma yake kumkinga asianguke, na vyombo viwekwe mbele na pembeni: kijiko cha mbao, kikombe cha plastiki, kifuu cha nazi kilicholainishwa. Anapoinama kukichukua kilichopo kushoto na kurudi katikati, anajifunza mizani ya mwili. Mara nyingine kitu kiwekwe mbali kidogo ili akifuate. Aliyekwisha kusimama awekewe kigoda kizito au benchi la kushikilia, atembee ubavu kwa ubavu. Chupa ndogo yenye maharage ndani, iliyofungwa barabara, hutosha kuwa kayamba.

Mwaka 1 hadi 2. Huu ni umri wa kusukuma, kuvuta, kupanda na kushuka. Boksi lenye kitabu ndani huwa gari la kusukuma. Ndoo tupu na magunzi ya mahindi huwa mchezo wa kutia na kutoa. Mtoto apewe kazi ndogo za nyumbani: ampelekee bibi kofia, alete kanda mbili za baba. Kila agizo lina mwendo na lugha ndani yake.

Miaka 2 hadi 4. Mtoto aruke mstari uliochorwa mchangani, atembee juu yake bila kuukosa, adake mpira wa matambara, apige teke, asimame kwa mguu mmoja, aige mwendo wa chura, kaa na twiga. Michezo ya kuzunguka duara kwa kushikana mikono, kujificha na kutafutana, na kutembea juu ya vifuu viwili vilivyofungwa kamba ni mazoezi kamili ambayo wazee walikwisha kuyabuni. Watoto wa mwaka 1 hadi 4 wanahitaji angalau dakika 180 za kujongea kila siku. Kuanzia miaka 3, angalau dakika 60 kati ya hizo ziwe za nguvu, za kumfanya ahemewe.

Kufunza fikra pamoja na mwili

Mwendo ni somo pia. Mzazi anaposema juu, chini, mbele, nyuma, ndani, nje, polepole na haraka wakati mtoto anapoyafanya, maneno hayo huingia kupitia mwili. Mtoto wa miaka 3 au 4 anaweza kuanza kuchunguza mwendo wa vitu vingine. Ubao uegemezwe kwenye kigoda, kisha achungwa, kiberiti kitupu na kifuu viachiliwe kutoka juu. Kipi kitaviringika, kipi kitateleza, kipi kitabaki pale pale? Ubao ukiinuliwa zaidi, itakuwaje? Mtoto aulizwe kwanza anadhani nini, kisha ajaribu. Jibu lisilo sahihi halina hasara. Manufaa yamo katika kujaribu tena.

Mtoto wa chini ya miaka 2 hahitaji kukalishwa mbele ya runinga wala simu. Wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku.

Mbeleko, kigari na usalama

Kumbeba mtoto mgongoni kuna faida ya joto, ukaribu na utulivu. Hata hivyo inapendekezwa asikae amefungwa mahali pamoja, iwe mgongoni au kwenye kiti, kwa zaidi ya saa 1 mfululizo akiwa macho. Mama anayeuza sokoni anaweza kumshusha kwa dakika chache juu ya mkeka, mahali salama, kila anapopata nafasi.

Vigari vya magurudumu vya kujifunzia kutembea havimharakishi mtoto. Humfikisha haraka kwenye ngazi na kwenye moto. Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004. Kabla ya mchezo wowote, jiko la mkaa, maji ya moto, ndoo za maji, mafuta ya taa na vitu vidogo vinavyoweza kumkaba viondolewe. Mtoto asinyanyuliwe kwa mkono mmoja, kwani kiwiko kinaweza kuteguka, na asitikiswe kamwe.

Dalili zisizopaswa kungojewa

Mzazi anayecheza na mtoto mkekani kila siku ataona yale ambayo dakika chache za kliniki haziwezi kuonyesha. Mtoto apelekwe kituo cha afya ikiwa:

- ametimiza miezi 4 na shingo bado haijakaza, au viganja vimekunjwa ngumi wakati wote;
- anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka 1;
- amepita miezi 9 na hawezi kukaa bila msaada;
- ametimiza miezi 18 na hatembei;
- mwili wake ni mkakamavu au mlegevu kupita kawaida, au miguu hupishana kama mkasi anaposimamishwa;
- amepoteza uwezo aliokuwa nao, katika umri wowote.

Kutumia mkono mmoja mapema kunahitaji maelezo. Familia hufurahi na kusema mtoto ni wa mashoto. Lakini mtoto mchanga hutakiwa kutumia mikono yote miwili. Upande anaoukwepa unaweza kuwa dhaifu kwa sababu ya mtindio wa ubongo, hasa kwa aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, aliyepata manjano kali au homa ya uti wa mgongo.

Udhaifu wa ghafla wa mguu au mkono ni dharura. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 anayelegea kiungo ghafla lazima atolewe taarifa siku hiyo hiyo kwa ajili ya ufuatiliaji wa polio, na sampuli 2 za choo zichukuliwe kwa tofauti ya angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze.

Katika baadhi ya familia, mtoto aliyechelewa kutembea hufukiwa mchangani hadi kiunoni ili miguu ipate nguvu. Nia ni njema. Madhara yake makubwa ni kuchelewesha: ikiwa tatizo lipo kwenye ubongo, nyonga au lishe, shimo halitalitibu, na miezi inapotea.

Mtoto mwenye ulemavu naye hucheza

Kupatikana kwa tatizo hakumwondoi mtoto mkekani. Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kulazwa kifudifudi juu ya kanga iliyokunjwa chini ya kifua ili mikono iwe huru, au kukalishwa kwenye pembe ya kuta mbili akisaidiwa na mito. Viungo vikakamavu visivutwe kwa nguvu. Mtaalamu wa mazoezi tiba amfundishe mzazi, na mzazi aingize mazoezi hayo katika kuoga, kuvaa na kula. Tiba ya mara moja kwa mwezi hospitalini haiwezi kushindana na dakika 10 za kila siku nyumbani.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Siku ya kliniki mizani na chanjo hupewa nafasi, na mwendo mara nyingi husahauliwa. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Tanzania mwaka 2021, inahesabu ujifunzaji wa awali kuwa sehemu ya malezi sawa na afya na lishe. Mhudumu anaweza kuutekeleza moyo huo kwa maswali mawili: «Mtoto anafanya nini sasa ambacho mwezi uliopita hakukiweza?» na «Kuna jambo lolote linalokutia wasiwasi?» Kisha amlaze mtoto juu ya kanga, amtazame akifikia kitu kwa mkono wa kulia na wa kushoto, na aandike alichoona kwenye kadi. Mzazi akisema ana wasiwasi, wasiwasi huo uchukuliwe kuwa dalili, na mtoto apimwe siku hiyo au apewe rufaa. Neno «ngojea» lisitolewe kabla ya uchunguzi.

Kwa mzazi, mwanzo ni mdogo. Jioni ya leo, mkeka utandikwe, simu iwekwe kando, na mtoto apewe dakika 10 za kujongea huku akitazamwa. Atakachokifanya kitamfurahisha mzazi, au kitamwambia jambo ambalo halifai kungoja.