Utando Juu ya Maji ya Silanga: Maswali kwa Mwanakemia

Swali: Mwalimu, silanga zetu za Garissa hukauka kabla mifugo haijazimaliza. Maji huenda wapi?

Jibu: Mengine hunywewa na ardhi, hasa penye mchanga, walakini sehemu kubwa hupaa hewani. Mvua ya Garissa aghalabu haifiki milimita 400 kwa mwaka, ilhali jua na upepo wake vyaweza kuvukiza zaidi ya milimita 2,000 katika muda huohuo, hata silanga yenye kina cha mita mbili, japo asiinywe mbuzi hata mmoja, ikawa haina tamaa ya kuuvuka mwaka wa kiangazi.

Swali: Nasikia maji yaweza kufunikwa kwa utando usioonekana. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli, na elimu yenyewe ni kongwe. Agnes Pockels, binti wa Kijerumani asiyepata kuingia chuo kikuu, alizipima tando hizi kwa beseni jikoni mwake, na waraka wake ukachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1891. Kisha Irving Langmuir wa Marekani akabainisha, mwaka 1917, kwamba unene wake ni wa molekuli moja tu. Dawa mashuhuri ya kutanda hivyo ni hexadekanoli, kitu cheupe kama nta, ambacho molekuli zake zina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, hivyo zikasimama wima, bega kwa bega, mithili ya waumini katika safu ya sala. Kwa hesabu, gramu moja yatanda mita za mraba 500 hivi.

Ukitaka kuushuhudia utando wa namna hii ukitanda, jaza sinia maji, nyunyiza poda, kisha gusa katikati kwa kijiti kilichopakwa sabuni: poda yote itakimbilia ukingoni.

Swali: Basi si nimwage mafuta ya kupikia?

Jibu: La, utayapoteza bure. Molekuli zake zina mikia iliyopinda, hazibanani, na mvuke hupita katikati yake pasipo kizuizi.

Swali: Mbona dawa hiyo hatuioni Modogashe wala Dadaab?

Jibu: Adui ni upepo. Katika maabara utando huu waweza kuzuia zaidi ya nusu ya maji yanayopaa. Lakini ulipotandazwa juu ya ziwa Hefner, Oklahoma, mwaka 1958, akiba ilikuwa asilimia 9 hivi, kwa kuwa upepo huupasua na kuurundika upande mmoja, nayo dawa haina budi kuongezwa tena na tena. Nasi hapa, kusi inapovuma, twapata upepo na vumbi pamoja. Tena hexadekanoli nayo hupaa penye joto kali.

Swali: Je, utando waweza kutufaa dhidi ya mbu?

Jibu: Hapo nina matumaini zaidi. Utando wa silikoni ulijaribiwa katika mashamba ya mpunga ya Ahero, magharibi mwa Kenya, ukapunguza viluwiluwi vya mbu, maana hukosa pa kujishikilia ili wavute pumzi.

Swali: Kwa maji yenyewe watushauri nini?

Jibu: Silanga ichimbwe kwa kina kuliko kwa upana, na upande wa kusi ipandwe miti ya kukinga upepo. Ama mwenye birika la saruji, fedha atakayotoa kwa dawa na aezekee paa.