Nembo ya Lituma: Mkono, Mashine na Neno

Nembo ya chakula ni matini fupi: picha moja, jina moja, pengine rangi mbili. Msomaji wake hupita kwa pikipiki, kwa hiyo ni lazima aielewe mara moja. Hapa Kisangani nembo hizo huchorwa kwa brashi ukutani au kwenye ubao, lakini sasa wenye malewa wengine huomba picha kwa programu za akili mnemba. Tofauti ya njia hizi mbili huanzia kwenye lugha.

Nilifanya jaribio kwa neno lituma, yaani ndizi za kupika zilizochemshwa, zikatwangwa na kufanywa matonge. Nilipoandika neno hilo peke yake, programu ilileta bakuli la supu. Nilipoeleza kwa Kifaransa, ilileta uji wa manjano kwenye sahani nyeupe, na uma pembeni. Nilipoacha jina nikaeleza umbo na rangi tu, picha ilikaribia. Sababu inaeleweka: programu hizi hufunzwa kwa picha nyingi mno zilizoambatanishwa na maelezo, mengi yakiwa ya Kiingereza. Neno lenye picha chache kwenye intaneti hukatwa vipande, navyo huvuta maana za maneno mengine. Tena, mara nyingi herufi huchorwa kama maumbo tu, hivyo jina huweza kutoka na herufi ya ziada.

Mchoraji wa mabango huanza kwa kuuliza: "Mama, lituma yako unauza na nini?" Akijibiwa samaki, anaweza kuchora kikapu cha Wagenia, chenye umbo la koni, kinachotegwa kwenye maporomoko ya Boyoma. Ufundi huu si mdogo: Chéri Samba alianzia kwenye mabango Kinshasa, akafungua karakana yake mwaka 1975.

Hata hivyo, brashi haiwezi kumwonyesha mteja mipangilio kumi ya rangi kwa dakika chache. Napendekeza umbo na herufi zitoke mkononi, mashine ijaribu rangi. Mwishoni nembo ipimwe kwa rangi moja: ikisomeka kwenye muhuri, itasomeka barabarani.

Kazi yetu wanaisimu ni kuandika kila jina la chakula kwa tahajia moja, pamoja na picha na maelezo ya mapishi. Tuanze na lituma, pondu na makayabu.