Mwanangu Amekosa Namba Akademi

*Shangazi, sisi ni watu wa Tanga, tunaishi London. Mwanangu wa miaka 15, mzaliwa wa Agosti, yuko akademi ya klabu kubwa. Msimu huu amekosa namba; wenzake wamempita kimo. Baba yake humkosoa garini baada ya kila mechi, na sasa anataka apunguze masomo aongeze mazoezi. Shemeji yangu hupiga simu kutoka nyumbani kuuliza kijana ataanza lini kusaidia ukoo. Mtoto halali. Klabu itaamua msimu huu kumchukua au kumwacha. Nifanyeje?*

Mwanangu, nianze na huo mwezi wa Agosti, maana umeutaja kwa kupita tu. Uingereza, rika la akademi huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Agosti. Mwanao anagombea namba na vijana wanaomzidi karibu mwaka mzima, na katika umri huo mwaka mmoja hubadili miguu, mabega hata sauti. Makocha wanalijua hilo. Zipo klabu zinazopima ukuaji wa mwili, na mara nyingine huwapanga vijana kwa walivyokua badala ya umri. Omba kikao na kocha. Uliza wanamwona amefika wapi katika kukua, na anatakiwa kuboresha nini kabla ya uamuzi. Usiulize kwa nini fulani anapangwa na wako yuko benchi. Kocha ataanza kujitetea, nawe utatoka mikono mitupu.

Kuhusu masomo, mwambie mumeo hapana. Hata akichukuliwa, mkataba anaopewa kijana akiwa na miaka 16 ni wa mafunzo, kwa kawaida wa miaka miwili, na masomo yamo ndani yake. Mkataba wa kulipwa hausainiwi kabla ya kutimiza miaka 17, na wengi hawaufikii. Kwa sasa hana mshahara wowote. Shemeji aambiwe hivyo na mumeo, tena waziwazi. Mtoto asipewe simu ajieleze.

Watu watakusimulia habari za Jamie Vardy, aliyeachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16, akafanya kazi kiwandani, kisha akatwaa ubingwa wa England na Leicester City mwaka 2016. Ni kweli. Harry Kane naye aliachwa na Arsenal akiwa mtoto mdogo. Ila usimpe mwanao habari hizo kama ahadi: tunawajua kwa majina kwa sababu ni wachache.

Sasa hilo la garini. Klabuni anapimwa na kila mtu, kuanzia kocha hadi anayehesabu pasi zake. Nyumbani asikute mpimaji mwingine. Baada ya mechi, mumeo asigusie mpira mpaka kijana mwenyewe auanzishe. Usingizi usipotengemaa, mwone daktari wenu, na umjulishe ofisa wa klabu anayeshughulikia ulinzi wa watoto.

Mwisho, kabla uamuzi haujatoka, kaeni watatu mpange: akiachwa, ataomba majaribio klabu gani ndogo, na chuo gani ataomba nafasi. Huko si kumtabiria mabaya. Kijana anayejua pa kwenda hata akiachwa hachezi kwa woga. Huomba mpira, hukokota, hupiga. Na hicho ndicho kocha anachotaka kukiona kabla ya kuamua.

Shangazi