Kishikwambi Kikubwa: Namna ya Kukichagua na Kukitumia kwa Kazi za Kila Siku

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza kuchagua kishikwambi kinacholingana na kazi yake, kukikagua kabla ya kulipa, na kulinda taarifa atakazozihifadhi ndani yake.

Utangulizi

Neno kishikwambi lilienea sana miongoni mwa Watanzania wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walipopita kaya kwa kaya wakiingiza majibu kwenye kioo badala ya dodoso la karatasi. Baada ya sensa, Serikali iligawa vishikwambi kwa walimu. Leo wenye maduka, viongozi wa vikundi na mafundi nao wanavinunua kwa fedha zao.

Chukulia mfano wa katibu wa kikundi cha wakulima wa alizeti huko Ilongero, katika Halmashauri ya Wilaya ya Singida. Kila msimu huandika kwenye daftari majina ya wanachama, uzito wa magunia, malipo na madeni. Sasa kikundi kimechanga fedha kununua kishikwambi chenye kioo cha inchi 10 au zaidi. Fedha hizo ni za wote. Kifaa kikizimika mwezi wa pili, kikundi kitapoteza kifaa na kumbukumbu zake, na katibu atabaki na maswali ya wenzake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kioo nalo halijaachwa nje ya usemi huo.

Kanuni kuu ya somo hili ni moja: anza na kazi, kisha tafuta kifaa. Kioo kikubwa ndicho kinachovutia macho dukani, lakini mambo yanayoamua kama kifaa kitakufaa hayaonekani kwa kukitazama.

Mambo manne ya kuamua kabla ya kwenda dukani

1. Kioo. Inchi za kioo hupimwa kutoka kona moja hadi kona ya mkabala. Kioo cha inchi 10 au 11 kinatosha kusoma jedwali lenye safu kadhaa na kuandika barua. Kioo cha inchi 12 au 13 humfaa anayefanya kazi mezani kwa muda mrefu, lakini ni kizito kushika kwa mkono mmoja ghalani au shambani. Kitoe nje ya duka ukitazame juani. Vioo vingi vinavyong'aa ndani havisomeki nje.

2. Laini ya simu. Baadhi ya vishikwambi vina nafasi ya laini. Vingine hutumia Wi-Fi pekee. Cha Wi-Fi pekee huwa na bei nafuu, lakini mahali pasipo na Wi-Fi utalazimika kukigawia intaneti kutoka kwenye simu yako kila mara. Zingatia pia kwamba vipo vyenye nafasi ya laini ambavyo hupokea intaneti tu: havipigi simu, wala havifungui menyu za huduma za fedha zinazoanza kwa alama ya nyota. Ikiwa kazi yako ni kupokea malipo kwa njia hiyo, jaribu menyu hiyo palepale dukani kwa laini yako.

3. Hifadhi. Kifaa kilichoandikwa GB 64 hakikuachii zote, kwa kuwa mfumo wake wa uendeshaji huchukua sehemu. Kwa majedwali, picha za risiti na mawasiliano ya kawaida, GB 64 yenye nafasi ya memori kadi ni mwanzo mzuri. Tilia shaka kifaa cha bei ya chini mno kinachotangazwa kuwa na hifadhi kubwa kupita kiasi, kwani namba inayoonekana kwenye mipangilio inaweza kuchezewa. Nakili faili kubwa kadhaa humo, kisha uzifungue moja baada ya nyingine.

4. Betri na chaja. Kishikwambi kikubwa hula umeme zaidi kuliko simu. Betri ya mAh 8,000 yenye volti 3.7 hubeba takribani wati-saa 30, ilhali betri ya simu ya mAh 5,000 hubeba takribani 18.5. Kwa chaja ya wati 10, betri hiyo kubwa huhitaji zaidi ya saa tatu kujaa. Kwa chaja ndogo ya wati 5, zaidi ya saa sita. Anayetegemea umeme wa jua apige hesabu hiyo mapema, kwa sababu mtambo mdogo unaotosha taa na simu huenda usitoshe kishikwambi.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Mosi, hakiki IMEI. Kifaa chenye laini ya simu kina namba ya utambulisho yenye tarakimu 15. Bonyeza *#06#, au ukikosa sehemu ya kupigia, itafute kwenye mipangilio chini ya taarifa za kifaa. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu litakalokuja lilingane na aina ya kifaa ulichoshika. Usilichukulie jambo hili kwa wepesi: mwezi Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilisimamia kuzimwa kwa vifaa bandia vya mawasiliano nchini. Kishikwambi cha Wi-Fi pekee hakina IMEI, hivyo hakiwezi kuhakikiwa kwa njia hii.

Pili, kwa kifaa kilichokwisha kutumika, mtake muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako. Kifaa kikifutwa bila akaunti kuondolewa, kinaweza kudai nenosiri la mmiliki wa awali na kukataa kufunguka. Vifaa vya taasisi, na vile vilivyokopeshwa ambavyo deni lake halijaisha, vinaweza kufungwa kwa mbali na mwenye navyo. Ukiona alama ya taasisi juu ya kifaa, usikinunue.

Tatu, dai risiti ya EFD, na waranti iliyoandikwa muda wake na mahali pa matengenezo. Bei ya Kariakoo inaweza kuwa nafuu kuliko ya Singida mjini, lakini ongeza nauli ya kukirudisha kifaa kikileta hitilafu ndipo ulinganishe.

Matumizi salama

Weka namba ya siri siku ya kwanza. Zuia programu zisijisasishe kwa bando. Zisasishwe unapopata Wi-Fi. Tumia kava na kioo cha kinga dhidi ya vumbi na kuanguka, na usikichaji kifaa kikiwa juani.

Kila wiki toa nakala ya kumbukumbu muhimu na uihifadhi nje ya kifaa, kwenye memori kadi inayokaa mahali pengine au kwenye barua pepe. Kwa msimu wa kwanza, endelea kuandika daftari la karatasi sambamba na kishikwambi, hadi hesabu za pande zote mbili zilingane.

Anayehifadhi majina, namba za simu na madeni ya wengine amebeba dhamana yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa hizo. Usizisambaze, na uzifute kabla ya kukiuza kifaa.

Tatizo likitokea

Rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti na waranti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Malalamiko ya aina hiyo na ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC). Malalamiko ya huduma ya mtandao huanza kwa mtoa huduma, na yasipotatuliwa hupelekwa TCRA. Kifaa kikiibiwa, toa taarifa polisi, kisha kwa mtoa huduma ili laini na kifaa vifungwe. Kwa sababu hiyo, andika IMEI kwenye karatasi na uitunze nyumbani.

Zoezi

Katibu wa Ilongero ameletewa vishikwambi viwili vya bei moja. Cha kwanza kina inchi 12, Wi-Fi pekee, na hakina waranti. Cha pili kina inchi 10, nafasi ya laini, na waranti ya mwaka mmoja. Andika kazi tatu atakazozifanya kila siku, kisha eleza ni kipi kinazitimiza zote. Rudia zoezi hilo kwa kazi zako mwenyewe, na uende na karatasi hiyo dukani.